JUU YA NINI MAHARAGI YANACHELEWA KUIVA? MAFUNDISHO KIDOGO JUU YA JOTO



Katika muhula uliopita kulikuwa na manung'uniko makubwa kati ya wanafunzi wanaolala hapa shuleni. Kila siku ya maharagi watu walisema: "Mama wa jikoni anatulisha mawe. Anaiba makala, hatii moto wa kutosha." Wengine walitaka hata kuandika barua kwa mkubwa wa masomo. Sisi pia tulikuwa kati ya wasemaji, hatutaki kuficha.

Mwalimu wetu wa fizike alisikia maneno yale. Hakukasirika. Alichukua termometre moja ya laboratwari, akatupatia, akasema: "Mbele ya kushitaki mtu, pimeni." Basi tulienda jikoni, na mambo tuliyoyaona huko ndiyo tunayotaka kuwaeleza leo. Yatawasaidia wale wanaongoja ekzama, maana maswali ya joto hayakosi. Lakini yatawasaidia hata wale wasiopenda fizike, kwa sababu kila mtu anakula, kila mtu anasikia baridi, na makala yananunuliwa kwa feza za wazazi wetu.

1. Joto na temperatura si kitu kimoja

Kosa la kwanza la wengi ni hili: wanafikiri joto na temperatura ni neno moja lenye majina mawili. Sivyo hata kidogo.

Tazama mfua chuma anapopiga chuma chekundu. Cheche inaruka na kuanguka juu ya mkono wake. Cheche ile inaweza kupita degre 1 000, lakini yeye anapangusa tu na kuendelea na kazi. Sasa mtu akimwagiwa ndoo ya maji ya degre 70, atapelekwa hospitali. Juu ya nini? Cheche iko na temperatura kubwa sana, lakini ni kitu kidogo mno, joto lake ni haba. Ndoo ya maji iko na temperatura ya chini kuliko cheche, lakini imebeba joto nyingi sana.

Basi tushike hivi: temperatura inatuambia kitu kimewaka moto kiasi gani. Tunaipima kwa termometre, kwa degre za Celsius, jina la mtu wa Uswidi aliyetoa kipimo chake katika mwaka 1742. Joto ni nguvu inayohama kutoka kitu chenye temperatura kubwa kwenda kitu chenye temperatura ndogo. Tunalihesabu kwa juli, au kwa kilojuli, maana yake juli 1 000.

Zamani wenye elimu wengi walifikiri joto ni namna ya maji yasiyoonekana, yanayotoka katika kitu hiki na kuingia katika kile. Katika mwaka 1798 Rumford alitoa habari ya mambo aliyoyaona huko München, Ujerumani, mahali walipokuwa wakitoboa mizinga ya vita. Chuma kilipata moto bila kuisha, mpaka maji yaliyokizunguka yakachemka, na hakukuwa na moto wowote chini yake. Kama joto lingekuwa maji yaliyofichwa ndani ya chuma, yangeisha siku moja. Lakini kadiri walivyozidi kutoboa, ndivyo joto lilivyozidi kuja. Kumbe joto lilitoka katika kazi ya kutoboa.

Miaka karibu hamsini nyuma yake, Joule wa Uingereza aliipima habari hii vizuri. Alifunga vizito kwa kamba, vikashuka na kuzungusha mabapa ndani ya maji, maji yakapata moto kidogo kidogo. Aliona kwamba kazi ile ile inaleta siku zote joto lile lile. Leo tunaandika: kupandisha kilo moja ya maji kwa degre moja kunataka kilojuli 4,18. Hesabu hii muishike kichwani, tutarudi kwayo.

Wewe mwenyewe sugua mikono yako asubuhi ya baridi. Ni Rumford na Joule walio katika viganja vyako.

2. Njia tatu za joto

Joto halibaki mahali pamoja. Linasafiri kwa njia tatu. Katika daftari tunaziita kondiksio, konveksio na radiasio.

Njia ya kwanza ni kondiksio. Joto linapita ndani ya kitu chenyewe, chembe moja ikimsukuma jirani yake, sawa vile watu wanavyopokezana matofali katika mstari wakati wa kujenga. Kila mtu anabaki mahali pake, lakini matofali yanafika. Aluminiamu inapitisha joto zaidi ya mara 1 000 kuliko mbao. Ndiyo maana ukishika mkono wa sufuria unapiga kelele, lakini mwiko unaougeuza nao bugali, ujapokuwa ndani ya sufuria ile ile, haukuunguzi. Hewa iliyotulia inapitisha joto vibaya zaidi kuliko mbao. Blanketi halina joto lake mwenyewe. Linashika tu hewa kati ya nyuzi zake, na hewa ile inazuia joto la mwili wako lisitoke. Funga barafu ndani ya blanketi, nayo itachelewa kuyeyuka.

Njia ya pili ni konveksio. Hapa kitu chenyewe kinatembea na joto lake. Maji ya chini ya sufuria yanapata moto, yanakuwa mepesi, yanapanda juu. Yale ya baridi yanashuka. Tupa majani machache ya chai ndani ya maji juu ya moto, utaona yanapanda na kushuka kama watu wa sokoni. Hewa nayo inafanya vile vile: moshi unapanda juu kwa sababu hewa ya moto inaubeba.

Lakini hapa kwetu kuko mfano mmoja wa ajabu, nao ni ziwa letu la Kivu. Ziwa hili lina kina cha metre 485 hivi. Mtu angefikiri chini kabisa kuna baridi kuliko juu. Kinyume chake! Kuanzia kina cha metre 80 hivi temperatura inaongezeka kadiri unavyoshuka, toka degre 23 hivi mpaka degre 26 hivi karibu na chini. Sasa juu ya nini maji haya ya moto hayapandi, kama yale ya sufuria? Kwa sababu yana chumvi nyingi na gazi nyingi ya kaboni iliyoyeyuka, nayo inayafanya kuwa mazito kuliko maji ya juu. Uzito wa chumvi unashinda wepesi wa joto. Kwa hiyo konveksio imefungwa, maji ya chini hayachanganyikani na ya juu, na gazi zinabaki kule chini: kilometre kibe karibu 300 za gazi ya kaboni na karibu 60 za metani. Ni jambo la kushukuru kwamba yanakaa pale. Katika mwaka 1986 ziwa dogo la Nyos huko Kamerun lilitapika gazi yake usiku, na watu karibu 1 700 wakafa. Ndiyo maana wenye elimu wanalinda ziwa letu kwa macho makali.

Njia ya tatu ni radiasio. Hii haitaki chembe, haitaki hewa, haitaki kitu cho chote kati ya mtoaji na mpokeaji. Jua liko mbali kilometre milioni 150, na katikati hakuna kitu, lakini joto lake linafika juu ya mgongo wa mama anayelima. Kila kitu kinatoa miali ya namna hii, hata mwili wako, hata ukuta. Katika mwaka 1879 Stefan wa Austria alionyesha kwamba ukiongeza temperatura kamili ya kitu mara mbili, miali yake inaongezeka mara 16.

Wengi wanauliza: "Wakati wa kiangazi, mwezi wa saba, mchana jua ni kali, usiku juu ya nini baridi inatushika namna hii?" Jibu ni radiasio. Usiku nchi inatuma joto lake mbinguni. Mawingu yakiwapo yanarudisha sehemu yake, kama blanketi. Mwezi wa saba hakuna mawingu, joto linaenda moja kwa moja na halirudi.

Nani anayejua termosi ya chai? Ilitengenezwa kwanza na Dewar wa Uingereza katika mwaka 1892, naye aliitaka kwa kazi ya laboratwari, si kwa chai. Ndani yake kuko kuta mbili, na kati yao hewa imeondolewa. Hakuna hewa, basi kondiksio na konveksio hazipati njia. Kuta zimepakwa rangi ya feza kama kioo, basi radiasio inarudishwa. Njia zote tatu zimefungwa kwa mara moja. Termosi haijui kama chai ni ya moto au maji ni ya baridi, inafunga tu milango.

3. Habari ya jikoni

Sasa turudi kwa maharagi. Tulifika jikoni saa tano. Sufuria kubwa ilikuwa inachemka kwa nguvu, mapovu yanaruka. Tulitia termometre. Ilionyesha degre 95.

Mmoja wetu akasema: "Mnaona? Haikufika 100. Moto ni kidogo, tulisema kweli." Mama wa jikoni hakujibu. Alichukua koleo, akatia makala mengine, akapepea mpaka moto ukawa mweupe. Mapovu yakazidi, mvuke ukajaa jikoni. Tulipima tena. Degre 95. Tulingoja robo saa. Degre 95. Tulifikiri termometre imeharibika.

Mwalimu alicheka sana tulipomrudishia. Kisha alieleza. Maji yanachemka wakati mvuke wake una nguvu ya kutosha kusukuma uzito wa hewa iliyo juu yake. Kwa bahari, huko Moanda, hewa ni nzito, na maji yanachemka kwa degre 100. Lakini sisi wa Bukavu tunakaa juu, kwa metre 1 500 hivi. Hewa iliyo juu yetu ni kidogo, basi maji yanapata njia ya kutoka mapema, kwa degre 95. Huko Kinshasa, kwa metre 300 hivi, ni degre 99. Maharagi hayaivi kwa mapovu, yanaiva kwa temperatura. Degre tano chini maana yake ni wakati mrefu zaidi juu ya moto. Hata mpishi wa mfalme akija hapa, maharagi yake yatachelewa.

Kwa hiyo Mama hakuwa na kosa. Tulienda kumwomba radhi, naye akasema: "Watoto wangu, mimi nimepika hapa miaka mingi, ningewaambia, lakini hamkuuliza."

Kuko jambo la pili tulilojifunza pale, nalo ni kubwa kuliko la kwanza. Tulipoongeza makala, temperatura haikupanda hata kidogo. Sasa joto la makala yale lilikwenda wapi? Lilikwenda katika mvuke. Kugeuza kilo moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunataka kilojuli karibu 2 260. Joto hili termometre hailioni, ndiyo maana linaitwa joto lililofichwa.

Fanya hesabu pamoja nasi. Sufuria ina litre 40 za maji ya degre 20. Kuyafikisha degre 95:

40 × 4,18 × 75 = kilojuli 12 540.

Sasa tuseme sufuria haikufunikwa, inachemka kwa nguvu, na litre 8 zinaruka kwa mvuke:

8 × 2 260 = kilojuli 18 080.

Mmeona? Mvuke unaopotea bure unakula joto kuliko kupasha moto sufuria nzima! Kilo moja ya makala mazuri inatoa kilojuli karibu 30 000. Lakini mbabula ya kawaida ya chuma inapoteza mengi kwa pembeni. Tukisema sehemu moja kwa tano inaingia katika sufuria, kila kilo inatupatia kilojuli 6 000 tu. Basi kupasha moto kunataka kilo 2,1 za makala, na mvuke peke yake kilo 3. Kilo tatu zimeenda juu ya paa, na maharagi hayakuiva mapema hata kwa dakika moja.

4. Kanuni kubwa za termodinamika

Neno termodinamika linaogopesha wengi, lakini maana yake ni elimu ya joto na kazi tu. Kanuni zake tunaweza kuzieleza kwa maneno ya nyumbani.

Kanuni ya sifuri: vitu viwili vikikaa pamoja muda wa kutosha, vinafikia temperatura moja. Bila hii termometre isingekuwa na faida.

Kanuni ya kwanza: nguvu haizaliwi wala haifi, inageuka tu. Ni sawa na daftari ya mtunza sanduku. Feza zilizoingia lazima zionekane, ama zimetumika, ama zimebaki. Joto ulilolitia ndani ya kitu ama linaongeza nguvu iliyo ndani yake, ama linatoka kwa kazi. Mtu akikuambia amevumbua mashine inayotembea bila kula kitu, usimpe feza yako.

Kanuni ya pili: joto lenyewe linatoka kwa kitu cha moto kwenda kwa kitu cha baridi, halirudi nyuma bila kazi. Chai inapoa mezani. Haijatokea siku moja chai ikanyonya joto la meza na kuchemka yenyewe, ijapokuwa kanuni ya kwanza isingekataza. Ukitaka kulirudisha joto, ulipe kazi, kama vile frigo inavyolipa kwa umeme. Wenye elimu wamepima jambo hili kwa neno entropia: katika kila badiliko la kweli entropia ya vitu vyote pamoja haipungui.

Aliyefungua mlango huu ni Sadi Carnot wa Ufaransa, katika mwaka 1824, akiwa na miaka 28. Alionyesha kwamba hakuna mashine inayoweza kugeuza joto lote kuwa kazi. Lazima sehemu itupwe mahali pa baridi. Chukua mashine inayopokea joto kwa kelvini 800 na kulitupa kwa kelvini 300. Hata kama fundi ni hodari namna gani, haitapita 1 − 300/800, maana yake 62,5 kwa mia. Mashine za kweli hazifiki pale. Kamyo ya mazutu inayopanda mlima na magunia, zaidi ya nusu ya mazutu yake inatoka bure kwa radiatere na kwa bomba la moshi. Si kosa la dereva.

Kuko watu ng'ambo ya ziwa, huko Rwanda, ambao tangu mwaka 2016 wanavuta maji ya chini ya Kivu, wanatoa metani yake na kuichoma ndani ya mashine kubwa za umeme. Hawa nao wako chini ya sheria ya Carnot, sawa na kamyo.

Kanuni ya tatu inasema juu ya baridi. Moto unaweza kupanda sana, lakini baridi ina mwisho: degre 273,15 chini ya sifuri. Tunaita sifuri kamili, na hapo kelvini zinaanza kuhesabiwa. Tunaweza kuikaribia, hatuwezi kuifikia.

5. Mambo ya kufanya

Elimu isiyofika jikoni ni nusu ya elimu. Tazameni haya.

Loweka maharagi usiku kucha. Maji yanaingia pole pole bila moto, na kesho utapika kwa muda mfupi.

Yakianza kuchemka, punguza moto na ufunike. Mapovu madogo yana degre 95, mapovu makubwa yana degre 95. Tofauti ni makala.

Tumia kikapu cha joto. Chukua kikapu kikubwa au sanduku, jaza majani makavu ya ndizi au nguo kuukuu, weka sufuria iliyokwisha kuchemka na kifuniko chake katikati, funika tena juu kwa unene wa kutosha. Hewa iliyoshikwa kati ya majani inazuia joto. Wali na viazi vinaendelea kuiva bila moto. Maharagi yachemke kwanza kwa nguvu muda mzuri, kisha ndipo yaingie kikapuni, na mbele ya kula yachemke tena.

Mbabula yenye udongo ndani ni bora kuliko ya chuma tupu. Udongo unapitisha joto pole pole, basi joto halikimbii pembeni.

Ndugu, jambo hili si la feza tu. Makala mengi ya Bukavu yanatoka upande wa Kahuzi-Biega, na ya Goma yanatoka sana katika msitu wa Virunga. Kila gunia tunalochoma bure ni miti iliyoanguka bure.

6. Onyo moja kubwa

Tunamaliza kwa neno ambalo si la mzaha. Mwaka jana, wakati wa mvua, mwenzetu mmoja anayekaa inje ya shule aliingiza mbabula ndani ya chumba juu ya baridi. Alifunga mlango na dirisha, akalala. Asubuhi jirani aligonga, hakuna jibu. Walivunja mlango. Alikuwa hajui mtu. Alitolewa inje, akapelekwa hospitali, na leo yuko kati yetu. Ametupatia ruhusa tuandike, bila jina lake.

Alisema: "Mimi nilijua moshi ni mbaya, ndiyo sababu nilingoja mpaka makala yakawa mekundu, bila moshi." Hapo ndipo kosa la wengi. Makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya. Makala yakikosa hewa ya kutosha yanatoa oksidi ya kaboni. Gazi hii haina rangi, haina harufu, haikoholeshi mtu. Inaingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni, nayo inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200. Mtu anasikia kichwa kuuma, kizunguzungu, kutaka kutapika, miguu inalegea, kiisha usingizi. Wengi hawaamki.

Kutia chumvi, majani au maji pembeni ya mbabula hakusaidii. Kitu kimoja tu ndicho kinachosaidia: mbabula ikae inje. Ukikuta mtu ameanguka, fungua mlango na dirisha, mtoe kwenye hewa safi mara moja, bila wewe kukawia ndani, na umpeleke hospitali hata akiamka, maana anahitaji oksijeni.

Na baridi je? Sasa mnajua dawa yake. Mwili wako mwenyewe ni mbabula, unatoa joto usiku na mchana. Kazi ni kulizuia lisitoke. Vaa nguo mbili nyembamba kuliko moja nzito, maana kati yake kuna hewa. Tandika mkeka na nguo chini, usilale juu ya simenti, maana kondiksio inakunyonya. Funika kichwa. Jaza maji ya moto ndani ya chupa iliyofungwa vizuri, uifunge kwa kitambaa, uiweke miguuni. Litre moja ya maji ikishuka toka degre 60 mpaka 35 inakupa kilojuli zaidi ya 100, wala haiui mtu.

Maswali ya kujipima

(a) Juu ya nini chuma cha kitanda kinasikika baridi kuliko ubao wake, na vyote viko ndani ya chumba kimoja?
(b) Kilo 2 za maji zimepanda toka degre 20 mpaka degre 70. Zimepokea joto gani?
(c) Mtu anafungua mlango wa frigo ili chumba chote kipate baridi. Atafaulu?

Majibu: (a) Temperatura yao ni moja, lakini chuma kinachukua joto la mkono wako upesi kuliko ubao. (b) 2 × 4,18 × 50 = kilojuli 418. (c) Hapana. Frigo inatupa nyuma yake joto lililotoka ndani, pamoja na joto la umeme inaokula. Chumba kitazidi kuwa na moto.

Wapenzi wasomaji, mwenye swali alete kwetu kalasini, au amwulize mwalimu. Na siku ya maharagi mkiona yamechelewa, msinung'unike. Mwende jikoni mkasaidie kutafuta kifuniko cha sufuria.

Sisi wenu, wanafunzi wa kalasi ya sayansi.